Leza au dawa kwenye mzizi wa jino? Tuelewane kidogo

Tangu zile klipu za "tiba ya mzizi kwa leza, bila kemikali", yaani kusafisha ndani ya mzizi wa jino kwa mwanga tu, zianze kuzunguka kwenye simu, kitengo chetu cha kinywa na meno kinapokea malalamiko ya aina moja: mgonjwa yuko kwenye kiti, ganzi imeshashika, ndo anauliza kwa nini anawekewa "jiki" wakati siku hizi kuna mashine ya mwanga.

Ni kweli, dawa yenyewe ni sodiamu haipokloraiti, ndugu ya ile ya kufulia, ila ya kliniki inapimwa, kati ya asilimia 0.5 na 5.25, na inafanya kazi ambayo leza peke yake haiwezi, inayeyusha nyama iliyokufa kwenye matawi ya mzizi ambako faili, kile kisindano cha kukwangua mzizi, haifiki. Halafu inapita dawa nyingine, EDTA ya asilimia 17, kutoa utando wa unga wa jino ukutani. Kloheksidini nayo inaua bakteria ila haiyeyushi kitu, na ikikutana na haipokloraiti inatoa tope la kahawia, kwa hiyo ukiona daktari anasuuza kila saa usimwambie anakuchelewesha.

Hatari ipo, hatufichi. Dawa ikisukumwa ikatoka nje ya ncha ya mzizi ni maumivu makali papo hapo na uso kuvimba, so ukisikia hivyo nyoosha mkono, usijikaze.

Leza sasa. Ya daiodi na ya Nd:YAG zinaua bakteria kwa joto na zinapenya ukuta wa jino kuliko dawa, hatubishi. Ila mwanga unatoka kwenye ncha ya waya kwenda mbele, kona haukati, na waya ukiganda sehemu moja joto la nje ya mzizi likapanda kwa zaidi ya nyuzi 10 mfupa unaumia. Mimi inayonivutia ni aina nyingine ya leza, Er:YAG, hiyo inapigwa kwenye dawa yenyewe, viputo vinapasuka na kuisukuma mpaka matawini. Yaani inahitaji dawa! Hiyo "bila kemikali" jamani ni lugha ya tangazo.

Utaratibu: fomu ya ridhaa isainiwe kabla ya ganzi, sio baada. Kama kuna leza, aina na bei yake viandikwe humo, sio uvikute kwenye risiti. Miwani ya kukinga macho wavae wote, wewe, daktari na msaidizi, na iwe ya leza ileile. Daktari awe na leseni hai ya Baraza la Madaktari Tanganyika, una haki ya kuiulizia. Akikiuka maadili Baraza linaweza kumpa onyo, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejista, na asiyesajiliwa kabisa hiyo ni jinai.

Na nyie mliowekewa kalisiamu haidroksaidi, dawa ya muda ndani ya mzizi, mkaambiwa mrudi, rudini, jino kutulia sio kupona. Njooni na kadi na picha ya eksirei ya mwanzo.