Je, wajua kwa nini likizo ya uzazi inatofautiana kazi kwa kazi?

Ukimuuliza afisa utumishi yeyote wa Tanzania likizo ya uzazi ni siku ngapi, atakujibu bila kufikiri: 84, na 100 kwa mapacha. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo baba ilimwandikia siku tatu tu. Lakini kundi la Vodafone, ambalo Vodacom Tanzania imo, lilitangaza mwaka 2015 wiki 16 za mshahara kamili kwa mama, na akirudi, miezi sita ya kufanya kazi saa 30 kwa wiki bila mshahara kupungua. Kwenye hoteli au shamba la maua, kuipata hiyo 84 yenyewe ni bahati. Imekuwaje, na sheria ni moja?

Kwanza, sheria huweka kiwango cha chini tu. Pili, na hapa ndipo penye kiini, wajibu wa kulipa likizo hiyo umewekwa kwa mwajiri. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ina fao lake la uzazi kwa wanachama, lakini mwenye hoteli anachokiona ni kwamba mtu hayupo miezi mitatu na mshahara unatoka.

Kwa hiyo kila sekta hupiga hesabu yake. Mhandisi wa mitambo ya simu akiacha kazi, kumpata mwingine na kumfundisha ni gharama kubwa. Ndiyo maana Vodafone, kabla ya tangazo lake, iliwapa KPMG, kampuni ya ukaguzi na ushauri, kazi ya kukadiria. Jibu lilikuwa kwamba biashara duniani hutumia dola bilioni 47 kwa mwaka kuziba nafasi za wanawake wasiorudi kazini baada ya kujifungua. Si huruma tu, basi. Shambani hesabu inageuka: asubuhi getini kuna watu wamesimama wakisubiri kibarua.

Mikataba nayo ina lake. Sheria inasema asiyefikisha miezi sita kazini hana likizo ya malipo, na mikataba mifupi inayokatwa na kuanzishwa upya tunaijua. Wachache wanajua kwamba sheria hiyo hiyo ililiona hilo: mwajiriwa wa msimu ana haki ya likizo, na aliyefanya kazi kwa vipindi tofauti kwa mwajiri mmoja huhesabiwa pia, mradi jumla izidi miezi sita ndani ya mwaka. Nani anamsomea kibarua kifungu hicho?

Rwanda walishika tatizo kwenye mfuko. Zamani mama alipata wiki 12, lakini sita za mwisho alilipwa asilimia 20 tu ya mshahara. Mwaka 2016 ukaanzishwa mchango: mwajiri asilimia 0.3 ya mshahara, mfanyakazi asilimia 0.3, wanaume wakiwemo. Mwajiri hulipa wiki sita za kwanza, zinazobaki hulipwa na mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwaka 2023 wiki zikawa 14. Mwenye hoteli wa Kigali hachangii zaidi kwa kuajiri wasichana. Wala wazo si jipya: mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1919 ulitaka wiki 12, zilipwe na fedha za umma au bima.

Huku kwetu mzigo bado uko mfukoni mwa mwajiri mmoja mmoja, na waajiri wadogo kuliko wote wako majumbani. Siku ya 85 mama anarudi ofisini, mtoto anabaki na dada wa kazi. Sheria ya 2004 haikumtenga dada huyo; naye ni mwajiriwa, ana siku zake 84 za malipo. Wa kumlipa ni huyo mama anayekimbilia daladala.