Duru ya mwisho ya sataranji si fainali

Mashindano makubwa ya sataranji yakifika siku ya mwisho, utasikia watu wakisema "leo ni fainali". Mashindano mengi ya ngazi ya juu hayana fainali. Yana duru ya mwisho, au raundi ya mwisho ukipenda: wachezaji wote wanakaa kwa wakati mmoja, kila jozi na meza yake, kucheza mechi iliyobaki kwenye ratiba. Nafasi ya kwanza ikiwa bado haijapata mwenyewe, duru hiyo inakuwa ya uamuzi. Maana ni hiyo tu.

Taabu iko kwenye neno. Fainali tumeipata kwa Waingereza, na mzizi wake ni wa Kilatini, finis, yaani mwisho. Ukitazama asili peke yake, anayeita siku ya mwisho fainali hajakosea. Lakini Kiswahili hakikulipokea likiwa pana hivyo. Hakuna anayeita tarehe 30 fainali ya mwezi. Lilikuja na kombe: mtoano, robo fainali, nusu fainali, wanabaki wawili na mshindi anaondoka na taji. Duru ni neno jingine kabisa. Ni la Kiarabu, dawr, ndugu wa "duara", na ndani yake mna kuzunguka, zamu kumpitia kila mtu. Raundi nayo ilitoka kwenye wazo hilohilo la mviringo. Anayesema fainali anamwambia msomaji kwamba bingwa atatoka kwenye meza moja, na hapo ndipo anapompoteza.

Tazama Candidates, mashindano ya kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia. Wachezaji ni 8, kila mmoja anakutana na kila mwenzake mara mbili, mara kwa kete nyeupe, mara kwa nyeusi. Zinakuwa duru 14, mechi 4 kila duru. Namba za wachezaji hupigiwa kura mapema, kisha jedwali la Berger linapanga nani atakaa na nani mpaka siku ya mwisho. Wanaotoka nchi moja hukutanishwa mapema katika kila mzunguko, ili mwishoni asiwepo wa kumwachia mwenzake pointi. Kwa hiyo jozi za duru ya 14 zinajulikana kabla kete ya kwanza haijasogezwa. Vinara wawili wakikutana siku hiyo, ni ratiba tu imeangukia hapo.

Kwenye Candidates ya Toronto, tarehe 21 Aprili 2024, iliangukia karibu kabisa. Gukesh alikuwa na pointi 8.5, Nakamura, Caruana na Nepomniachtchi walikuwa na 8 kila mmoja. Gukesh alicheza na Nakamura wakatoka sare, ambayo ni nusu pointi, akafikisha 9. Ingekuwa fainali, hadithi ingeishia hapo. Lakini kwenye meza nyingine Caruana alikuwa na nafasi ya ushindi dhidi ya Nepomniachtchi, na yeyote kati yao akishinda naye angefika 9, na kurudi kesho yake kucheza na Gukesh mechi za haraka. Caruana aliuacha ushindi ukamponyoka, na mechi ikaisha sare baada ya hatua 109. Gukesh alipata nafasi ya kwanza kwa matokeo ya ubao ambao hakuwa ameukalia.

Candidates ya London 2013 ilikuwa ngumu zaidi kuielewa kwa jicho la fainali. Carlsen na Kramnik waliingia duru ya 14 wakiwa sawa, na wote wawili wakafungwa, mmoja na Svidler, mwingine na Ivanchuk. Wakamaliza na 8.5 kila mmoja. Matokeo baina yao yalikuwa sare, kwa hiyo ikahesabiwa idadi ya ushindi: 5 kwa 4. Carlsen akapita siku aliyopoteza mechi.

Pia "ya mwisho" na "ya uamuzi" si mapacha. Kwenye Candidates ya Madrid 2022, Nepomniachtchi alijihakikishia nafasi ya kwanza duru moja kabla. Duru ya 14 ilionekana haina kazi, ila Ding alimfunga Nakamura na kumpokonya nafasi ya pili. Wiki kama mbili baadaye Carlsen, bingwa wa dunia wakati huo, akatangaza kwamba hatatetea taji, wa pili akaitwa kuligombea, na mwaka 2023 huko Astana Ding akawa bingwa wa dunia.

Kwenye mfumo wa Uswisi, uliotumika kwanza Zurich mwaka 1895, neno fainali linapotosha zaidi. Jozi hupangwa kwa pointi na hakuna wawili wanaokutana mara mbili, kwa hiyo mara nyingi vinara wameshachezana mapema, na mwishoni wa kwanza anamkuta wa tatu au wa tano.

Fainali za kweli zipo. Kombe la Dunia la sataranji ni la mtoano, na Baku 2023 Carlsen na Praggnanandhaa walicheza fainali kwa kila maana ya neno: sare mbili kwenye mechi za muda mrefu, kisha mechi za haraka zikamaliza. Ya namna hiyo iite fainali. Mengine yaite duru ya mwisho, na kabla ya kuongeza "ya uamuzi", fungua msimamo uone kama kuna anayeweza kumfikia kinara.