Kesi za wawekezaji dhidi ya serikali: yanayosemwa Mwanza na yaliyomo kwenye mikataba

Tangu sakata la makinikia (mchanga wenye madini uliozuiwa kusafirishwa nje) la 2017, Kanda ya Ziwa haikosi bingwa wa kesi za wawekezaji. Panda daladala ya Igoma au kaa kijiweni Kirumba, utaambiwa wazungu wana mahakama yao, Tanzania hushindwa kila ikienda, na dawa ni kujitoa tu kwenye mikataba. Baadhi ya hayo yana chembe ya ukweli, na hayo ndiyo yanayopotosha zaidi.

"Ni mahakama ya wazungu."

Si mahakama, ni usuluhishi. Kituo kinachotajwa sana, ICSID, kiko Washington chini ya Benki ya Dunia na kilianzishwa kwa mkataba wa 1965. Hakina majaji wa kudumu. Kila kesi huundiwa jopo, kwa kawaida la watu watatu: mwekezaji anateua mmoja, serikali mmoja, kisha anatafutwa mwenyekiti. Tanzania ilijiunga mwaka 1992 kwa hiari yake. Kinachostahili kulalamikiwa ni kwamba hakuna rufaa. Tuzo, yaani uamuzi wa jopo, inaweza kubatilishwa kwa sababu chache tu, nyingi za kiutaratibu, lakini jopo likiitafsiri sheria vibaya, nchi inabaki na deni lake.

"Tukienda huko ni kushindwa tu."

Takwimu za UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, zinaonyesha kwamba katika kesi za aina hii zilizokwisha duniani, serikali zimeshinda takribani asilimia 37 na wawekezaji takribani asilimia 28. Karibu moja ya tano huishia kwa makubaliano. Kenya ilishinda mwaka 2018 dhidi ya kampuni ya Cortec, iliyotaka kuchimba Mrima Hill huko Kwale: jopo lilikataa madai kwa kuwa leseni ilitolewa kinyume cha sheria. Tanzania nayo, katika shauri la kampuni ya Biwater Gauff kuhusu maji ya Dar es Salaam, ilikutwa na hatia mwaka 2008 ya kukiuka mkataba wa uwekezaji na Uingereza lakini haikuamriwa kulipa fidia hata senti, kwa sababu kampuni ilikuwa tayari inazama kwa udhaifu wake yenyewe. Ila tusijidanganye: hata mshindi hulipa mawakili, na asilimia za ushindi hazihesabu pesa zinazotoka kwenye makubaliano ya nje ya jopo.

"Tuliadhibiwa kwa kutetea madini yetu."

Hapa ndipo penye nyama. Sheria ya madini ilirekebishwa mwaka 2017, na kanuni za Januari 2018 zikafuta leseni hodhi. Leseni hiyo ilimruhusu aliyegundua madini, lakini hajaweza kuyachimba kwa sababu ya bei au soko, ashikilie eneo kwa muda. Serikali ilikuwa na hoja nzito: kampuni zinakalia ardhi yenye utajiri miaka nenda rudi huku kijiji cha jirani kikiambulia mabango ya "hairuhusiwi kuingia". Ni hoja ninayoiunga mkono. Lakini mikataba ya kulinda uwekezaji haikatazi nchi kutwaa, inakataza kutwaa bila fidia. Na Desemba 2019 maeneo hayo yakatangaziwa zabuni.

Kampuni tatu zikadai. Indiana Resources, ya nikeli ya Nachingwea, ilipewa tuzo ya dola milioni 109.5 Julai 2023, na mwaka uliofuata serikali ikakubaliana nayo kulipa milioni 90. Winshear ilimalizana nayo kwa milioni 30 mwaka 2023, Montero kwa milioni 27 mwaka 2024. Jumla milioni 147. Kwa msomaji wa Mwanza, hiyo ni takribani nusu ya Daraja la Kigongo–Busisi, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700.

Tazama pia mlango walioingilia. Indiana ni ya Australia, nchi isiyo na mkataba wa namna hii na Tanzania, lakini madai yaliletwa na kampuni zake zilizosajiliwa Uingereza, na Uingereza ina mkataba nasi uliosainiwa 1994. Halafu si kila dola ilikwenda kwa mtafiti wa madini. Indiana na Montero zote ziliendesha kesi kwa fedha za kampuni zinazofadhili mashauri ili zigawane kinachopatikana.

Eneo la nikeli la Kabanga, Ngara, mkoani Kagera, nalo lilikuwa na leseni hodhi iliyofutwa. Huko mambo yaliishia mezani: Januari 2021 serikali ilisaini makubaliano na mwekezaji mpya, ikapata hisa asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel.

"Barrick tuliwamaliza, kesi zikafa."

Zilikufa kwa maelewano. Acacia, kampuni tanzu ya Barrick, ilipewa bili ya kodi ya dola bilioni 190, ile iliyozaa utani wa kila Mtanzania kupata gari la Noah, na kampuni za Bulyanhulu na Buzwagi zikafungua usuluhishi mwaka 2017. Mwisho wake ukawa serikali kulipwa dola milioni 300, maarufu kama kishika uchumba, kupata hisa asilimia 16, na kuundwa kwa Twiga, kampuni ya ubia kati yake na Barrick, ambayo makubaliano yalitaka makao yake yawe hapa Mwanza. Usuluhishi wa kimataifa haukufutwa katika makubaliano hayo.

"Sheria ya 2017 imeufunga mlango, na mikataba tunavunja."

Sheria hiyo ya mamlaka juu ya maliasili, si ile ya madini, inakataza migogoro ya maliasili kupelekwa nje. Nchi haiwezi kutumia sheria yake ya ndani kukwepa mkataba wa kimataifa, na malipo ya hapo juu yote yalikuja baada yake. Mkataba na Uholanzi ulikoma Aprili 2019, lakini unaendelea kuwalinda waliowekeza kabla ya hapo kwa miaka 15, yaani hadi 2034.

"Ndege ya ATCL ilikamatwa na ICSID."

Ipo iliyozuiwa Uholanzi mwaka 2022 kwa sababu ya tuzo ya ICSID, lakini mbili zilizotangulia hazikuhusiana nayo. Iliyozuiwa Johannesburg Agosti 2019 ilihusu fidia ya mkulima aliyetaifishiwa mali miaka ya 1980, na mahakama ya huko iliiachia mwezi uliofuata. Iliyozuiwa Canada 2017 ilitokana na deni la mkandarasi wa barabara.

"Na sisi wananchi tuwashtaki hukohuko."

Hili ndilo linaloniuma. Mwenye mgodi anaweza kuipeleka serikali Washington. Mchimbaji mdogo wa Geita aliyefukuzwa kwenye duara lake, yaani shimo lake la uchimbaji, hana nafasi ya kudai huko, wala serikali kwa kawaida haiwezi kuanzisha kesi dhidi ya kampuni kwa mikataba hii, kwa sababu inampa mwekezaji haki bila kumbebesha wajibu. Wanavijiji wanaozunguka mgodi wa North Mara, wilayani Tarime, waliodai ndugu zao waliuawa au kujeruhiwa mgodini, ilibidi waende kwenye mahakama za kawaida za nchi za kampuni. London walifungua kesi mwaka 2013 na ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2015. Wengine walikwenda Ontario, Canada, mwaka 2022. Novemba 2024 mahakama ya huko iliamua kwamba haina mamlaka ya kusikiliza madai yao.