Gemu ya Diski na Gemu ya Kupakua: Tunayoambiwa Madukani na Yaliyo Kweli

Katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya barabara za Luthuli na Moi Avenue jijini Nairobi, swali linaloulizwa kabla hata ya bei kutajwa siku hizi ni kama mteja anataka mashine ya gemu yenye kisoma diski au isiyo nacho. Tangu Novemba 2020, PlayStation 5 ilipoanza kuuzwa kwa sura hizo mbili na Xbox Series S ikatoka bila kisoma diski kabisa, swali hilo halikwepeki, na majibu yanayotolewa kaunta yamechanganya ukweli na uvumi kiasi kwamba mtu hutumia akiba ya miezi mingi bila kujua hasa alicholipia. Nimenunua gemu kwa njia zote mbili kwa miaka mingi, na ninaamini majuto mengi yangeepukika kama mambo machache yangeelezwa sawasawa.

“Nikishalipia gemu mtandaoni, ni mali yangu”

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayoumiza zaidi. Anayenunua gemu ya kupakua hununua leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kupitia akaunti yake kwa masharti ya mwenye duka. Haruhusiwi kuiuza wala kumhamishia mtu mwingine. Gavana wa jimbo la California alipotia saini, Septemba 2024, sheria inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali waseme wazi kwamba wanauza leseni, Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, lilianza kuonyesha tangazo la aina hiyo kwenye ukurasa wa malipo, na watu wengi walishtuka kana kwamba masharti yalikuwa yamebadilika. Hayakuwa yamebadilika, yalikuwa hivyo tangu mwanzo, ila yaliandikwa mahali ambapo mnunuzi hafiki.

Hapa Nairobi jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya biashara ya akaunti. Kenya haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na PlayStation Network, mtandao wa Sony wa kununulia na kuchezea gemu za PlayStation, kwa hiyo wachezaji wengi hufungua akaunti wakijiandikisha kama watu wa Marekani au Uingereza, kisha hununua vocha za nchi hiyo hiyo. Kutokana na mwanya huo, wapo wauzaji wanaouza akaunti iliyokwisha kujazwa gemu, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya thamani ya gemu zenyewe. Binamu yangu mdogo alinunua akaunti ya namna hiyo yenye gemu tisa. Alicheza kwa miezi miwili, kisha asubuhi moja kila gemu ikawa na alama ya kufuli, kwa kuwa nywila ilikuwa imebadilishwa na mashine yake kuondolewa kwenye akaunti. Muuzaji hakupatikana tena kwa simu. Hakukuwa na pa kushtakia, maana masharti ya PlayStation hayaruhusu akaunti kuuzwa. Kijana yule hakununua gemu wala leseni. Alikodishwa kitu ambacho mwenye kukikodisha hakuwa na haki ya kukitoa.

“Diski ina gemu nzima, haihitaji intaneti”

Zamani ilikuwa hivyo, na kwa gemu nyingi bado iko hivyo, lakini si kwa zote. Diski ya Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022 kwenye PlayStation 5 ilikuwa na takriban megabaiti 70 tu, ilhali gemu yenyewe ni makumi ya gigabaiti ambazo mnunuzi alilazimika kuzipakua. Nintendo Switch 2, mashine inayotumia kadi badala ya diski, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, ina baadhi ya kadi ambazo hazibebi gemu hata kidogo: kadi ni ufunguo tu, gemu hupakuliwa, na kadi lazima iwe ndani ya mashine kila unapocheza. Kwa nyumba inayotegemea bando za simu, tofauti hiyo inaweza kuzidi bei ya gemu. Hata mwenye intaneti ya nyumbani ya Mbps 10 (megabiti 10 kwa sekunde) atasubiri takriban saa 22 kupakua gigabaiti 100, endapo laini haitakatika na umeme hautapotea.

Kuna pia suala la marekebisho. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020 ilikuwa na hitilafu nyingi kwenye PlayStation 4 hivi kwamba Sony iliiondoa katika duka lake la mtandaoni mwezi huo huo, na haikurudi hadi Juni 2021. Diski zilizochapwa mwanzoni zilibaki na hali ile ile mbovu, na anayeiweka diski ya wakati huo leo bila intaneti atacheza gemu kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Diski huhifadhi gemu, lakini huhifadhi pia makosa yake.

Na kwa wanaonunua diski zilizoletwa kutoka Ulaya au Dubai, jambo moja ambalo wauzaji hulisahau: diski za PlayStation 5 hufanya kazi kwenye mashine ya nchi yoyote, ila nyongeza za gemu zinazonunuliwa mtandaoni, kama vile wahusika wapya au sura za ziada, huhitaji kuwa za eneo moja na diski. Mwenye diski ya Ulaya na akaunti ya Marekani anaweza kulipia nyongeza ambayo haitafunguka kamwe.

“Duka la mtandaoni likifungwa, gemu zote zimepotea”

Hapa hofu imezidi ukweli. Nintendo ilipofunga mauzo ya duka la mashine zake za 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023, walioshindwa ni waliotaka kununua. Waliokuwa wamenunua tayari waliruhusiwa kuendelea kupakua. Microsoft ilifanya vivyo hivyo kwa Xbox 360 mnamo Julai 2024. Kufungwa kwa duka na kupotea kwa gemu ni mambo mawili tofauti, ingawa la kwanza linaweza kufungua njia ya la pili.

Kinachoua gemu kweli ni kuzimwa kwa seva, yaani kompyuta ya kampuni ambayo gemu inaitegemea kupitia intaneti, na hapo diski haisaidii chochote. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka 2014, ilizimwa seva zake mwishoni mwa Machi 2024, na kwa kuwa haikuweza kuendeshwa bila seva hata kwa mchezaji mmoja, aliyekuwa na diski na aliyekuwa ameipakua walifungiwa nje siku moja. Diski ikabaki kipande cha plastiki. Ninaliona hili kuwa dhuluma, na ninafurahi kwamba lilichochea harakati za wachezaji barani Ulaya kudai kwamba kampuni zisiruhusiwe kuua gemu zilizokwisha kuuzwa.

Diski hubaki na nguvu yake pale gemu inapoondolewa dukani huku haihitaji seva. Mwaka 2023, gemu za awali za mpira za FIFA ziliondolewa katika maduka ya mtandaoni kampuni ya EA, inayozitengeneza, ilipohamia jina la EA Sports FC. Leo anayetaka FIFA 23 hawezi kuinunua kwa kupakua, lakini diski zake bado zinapita mikononi mwa watu jijini hapa.

“Gemu ya diski haijazi mashine”

Hujaza sawasawa na ile ya kupakua. Tangu PlayStation 4 na Xbox One, gemu hunakiliwa kwenye hifadhi ya ndani, na diski huthibitisha tu kwamba unayo. Kwa sababu hiyo pia gemu ya diski haichezi kwa kasi pungufu kuliko ya kupakua.

“Ya kupakua ni nafuu, maana haina kasha wala usafiri”

Siku gemu kubwa inapotoka, bei ya duka la mtandaoni na ya kasha huwa karibu sawa, aghalabu dola 70 nchini Marekani. Baadaye njia huachana. Steam hupunguza bei sana katika misimu ya punguzo, na mwenye kompyuta mwenye subira hapati pa kulalamikia. Pia anaweza kurudishiwa pesa akiomba ndani ya siku 14 akiwa hajacheza zaidi ya saa mbili. PlayStation ni wakali zaidi, kwani ukishaanza kupakua gemu, haki hiyo kwa kawaida huisha.

Lakini hesabu ya Nairobi haiishii kwenye bei ya kununua. Tuseme diski imenunuliwa kwa shilingi 7,000, ikachezwa hadi mwisho, ikauzwa kwa shilingi 4,500: gemu imegharimu 2,500. Katika mitaa kama Umoja na Donholm, diski moja huzunguka nyumba nne au tano kwa kuazimana na kubadilishana, jambo ambalo gemu ya kupakua haiwezi kulifanya kihalali.

Wengine huona njia ya mkato katika kupeleka mashine kwa fundi “ijazwe gemu”, wakidhani hiyo nayo ni aina ya gemu ya kidijitali. Sivyo. Hizo ni nakala zisizo na ruhusa, na mashine iliyofunguliwa kwa namna hiyo huweza kufungiwa kabisa kucheza mtandaoni.

“Nunua isiyo na kisoma diski, utaongeza baadaye”

Kauli hii ni ya kweli kwa baadhi ya mashine tu, na anayeitamka hasemi ni zipi. PlayStation 5 nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023, pamoja na PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024, hukubali kisoma diski kinachouzwa peke yake, ambacho lazima kiunganishwe na intaneti mara ya kwanza ili mashine ikitambue. Toleo la kidijitali (lisilo na kisoma diski) la mwaka 2020 halikikubali kamwe, kwa kuwa halina mahali pa kukipachika. Mashine hizo za mwanzo ndizo zinazorudi sokoni kwa wingi zikiwa zimeshatumika, kwa bei ya kuvutia. Zitambue kwa mwili wake mkubwa wenye bamba moja zima kila upande, ilhali zile nyembamba zina bamba mbili kila upande zilizotenganishwa na mstari, na kisoma diski hukaa chini ya bamba moja linalotoka kwa mkono. Mwombe muuzaji alitoe bamba hilo mbele yako kabla hujatuma pesa.