Kereng'ende hana mwiba

Huku Bukavu, kandokando ya ziwa Kivu, mdudu kereng'ende akitua karibu, watoto wengi hukimbia, na mtu mzima huvua ndala akampiga. Wanaamini kuwa anadunga kwa mkia. Hana mwiba, wala hana sumu. Huo "mkia" ni tumbo lake, jembamba na refu. Dume ana vikoleo mwishoni, vya kumshikia jike wakati wa kujamiiana. Jike wa aina fulani ana kifaa chenye ncha, lakini ni cha kuingizia mayai ndani ya mimea ya majini. Ukimkamata aliye mkubwa anaweza kukubana kidole kwa taya zake, basi. Hofu hii hata Ulaya ilikuwepo: walimwita sindano ya shetani. Wajapani walimwona tofauti kabisa. Kwao alikuwa mdudu wa ushindi, na wapiganaji wa samurai walipamba kofia zao za vita kwa umbo lake.

Dhana ya pili ndiyo inayoniuma zaidi: eti kereng'ende huletwa na mvua na huishi siku moja. Unayemwona angani yuko ukingoni mwa maisha yake, na hata hapo amebakiwa na wiki kadhaa. Sehemu kubwa ya umri wake ameimaliza chini ya maji, akiwa tunutu, yaani mdudu mchanga, wa rangi ya matope asiyeweza kuruka. Wengine hukaa humo miezi, wengine miaka. Matamvua yake ya kupumulia majini yamo ndani ya utumbo wa nyuma. Akishtuka huyasukuma maji nje kwa nguvu kupitia njia ya haja, naye akachomoka mbele. Mdomo wake wa chini hukunjwa chini ya kichwa. Kiluwiluwi cha mbu kikipita, unafyatuka na kukinasa kabla hakijageuka. Siku yake ikifika hupanda juu ya tete, ngozi ikapasuka mgongoni, akatoka na mabawa manne bila kupitia hatua ya bundo, ile ya kutulia ndani ya ganda, anayoipitia kipepeo. Pita asubuhi kwenye matete, utaliona ganda tupu limeng'ang'ania pale pale.

Ndiyo maana kinamasi kikifukiwa ili nyumba zijengwe, au kijito kikijaa taka na mifuko ya plastiki, kereng'ende wa hapo wanatoweka hata mvua inyeshe namna gani. Aina nyingi hazivumilii maji machafu, na wataalamu huwatumia kupima afya ya mito.

Wapo wanaosema kereng'ende akigonga-gonga gari kwa tumbo analeta habari za mgeni. Bati jeusi linalong'aa huakisi mwanga kama uso wa maji, hivyo jike hudhani amefika ziwani na kutaga hapo. Mayai hayo hayaanguliwi.

Na kuna wanaomtegemea atumalizie malaria. Ni mwindaji hodari kweli: kila bawa hulipiga peke yake, na jicho la aina kubwa lina lenzi ndogo zipatazo 30,000. Mbu anawala, pamoja na nzi, vipepeo na hata kereng'ende wenzake. Lakini kereng'ende wengi huwinda mchana, na mbu wa malaria huuma hasa usiku. Mwacheni kereng'ende aishi, na chandarua mkitundike vilevile.