Staibalaiza nene, kemba, na ule ubishi wa "gari itagoma kukata kona"

Kazi yangu ni saspensheni, na kila nikimshauri mtu aweke staibalaiza nene mbele (kile chuma kinachounganisha saspensheni ya kulia na ya kushoto ili bodi isilale sana kwenye kona) ananirudishia lile lile, fundi si inasemekana ukikaza mbele gari inagoma kukata kona? Inasemekana kweli, na sio uongo, ila ni nusu ya habari.

Angalia tairi lenyewe kwanza. Ukikata kona ya kushoto bodi inalalia kulia na tairi la mbele kulia linalala nayo, juu linaegemea nje, kwa hiyo badala ya kukanyaga kwa upana wote linakanyagia bega la nje tu, ndo kemba, yani mlalo wa tairi ukilitazama kwa mbele, imeenda chanya hapo. Saspensheni ikibonyea inajaribu kulirudisha ndani, na zile zenye mikono miwili, juu na chini, zinarudisha vizuri, ila MacPherson, ile yenye mkono wa chini tu na shokapu juu, inarudisha kiduchu. Mfano tu: umeseti kemba hasi digrii 1 (juu linaegemea ndani), kwenye kona bodi ikalala digrii 4, saspensheni ikarudisha 1, uko chanya 2. Sasa kaza staibalaiza bodi ilale 2.5, irudishwe 0.6 hivi, unabaki chanya 0.9. Umeokoa zaidi ya digrii nzima na alaimenti hujaigusa!

Lakini kuna gharama yake. Uzito unaohamia upande wa nje kwa jumla haupungui, staibalaiza inaamua tu mbele ibebe kiasi gani na nyuma kiasi gani, ukikaza mbele basi tairi la mbele la nje ndo linabebeshwa zaidi, na tairi ukiliongezea mzigo gripu haiongezeki kwa kiwango kile kile. Kwa hiyo huku unapoteza, huku kwenye kemba unapata. Gari ya MacPherson yenye springi laini mara nyingi kemba inashinda na gari inakata kona vizuri kuliko mwanzo, ila ile ya mikono miwili kemba yake ilikuwa salama tangu zamani, hapo ukikaza mbele unapoteza tu, ule usemi uko sahihi.

Halafu msidharau milimita. Ugumu wa chuma kile unapanda kwa kipenyo kwa kipeo cha nne, yani kutoka 20 kwenda 22 ni kama asilimia 46 zaidi, na mtu anakwambia "si mbili tu". Ukizidisha, tairi la ndani linanyanyuka, na kama gari inavutwa na mbele na difu ni ya kawaida, isiyo na loki, basi ukikanyaga mafuta kwenye kona linazunguka bure. Barabara mbovu nayo, shimo la upande mmoja unalisikia pande zote mbili.

Mi kabla sijauza kitu napaka chaki kwenye bega la tairi, kuanzia kwenye kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) hadi ubavuni, presha iwe sawa, namwambia mwenye gari akate kona kadhaa kama kawaida yake. Akirudi na chaki imefutika hadi ubavuni, na kashata za nje zimeanza kuchanika vipele vipele, tunaongea staibalaiza. Chaki ikiishia ukingoni mwa bega namwambia abaki na yake, abadilishe bushi na linki tu kama zinagonga.