Maziwa ya zafarani hayabadili rangi ya mtoto

Ujumbe huu haukosi kurudi kwenye makundi ya WhatsApp: mjamzito anywe maziwa yenye zafarani, kama wafanyavyo kina mama wa India, ili azae mtoto mweupe. Si kweli. Rangi ya ngozi hurithiwa kwa baba na mama. Hakuna chakula kinachoibadili tumboni.

Angalia mwenyewe: watoto wa mama mmoja, aliyekunywa maziwa yale yale kila mimba, hutofautiana rangi. Kinachowachanganya watu ni kwamba watoto wengi huzaliwa na rangi nyepesi, inayokolea baadaye, na wakati huo zafarani imeshasifiwa.

Nyuzi chache kwenye maziwa hazina neno. Zikizidi sana ni hatari. Linaloniuma ni fedha kuishia kwenye kiungo ghali, wakati takwimu za India za 2019–2021 zinaonyesha zaidi ya nusu ya wajawazito wana upungufu wa damu. Khichdi, yaani mchele uliopikwa pamoja na dengu, na mchicha uliokamuliwa ndimu vinamfaa zaidi, pamoja na vidonge vya madini ya chuma anavyopewa kliniki. Chai isinywewe na mlo, maana huzuia madini hayo kufyonzwa.

Ukitumiwa ujumbe ule, tafadhali usiusambaze.